Amana Imeiva, Fedha Hazitoki: Nani Anadaiwa na Mlango Upi wa Kubisha

Shangazi yangu aliweka shilingi 600,000 katika benki moja mjini Mombasa, amana ya muda maalumu wa miezi 12 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Siku ya 11 baada ya amana hiyo kuiva alikwenda tawini na hati yake mkononi, akiwa amekwisha kupatana na fundi wa mabati, na karani akamweleza kwa upole kwamba fedha hazitoki. Amana ilikuwa imejifunga upya kwa mwaka mwingine, safari hii kwa riba ndogo zaidi, na kama angelazimisha kuivunja angepoteza riba ya kipindi kipya na kutozwa ada juu yake. Alirudi nyumbani akiamini kwamba ameibiwa. Karani naye, kwa kadiri nilivyomwelewa baadaye, aliamini kabisa kwamba anafuata mkataba.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu malalamiko ya aina hii husemwa na karibu kila mtu kwa maneno yaleyale: “Fedha zangu zimeiva na hawataki kunilipa.” Maneno hayo yanafunika hali ambazo kisheria hazifanani hata kidogo. Yupo anayekataliwa na benki ambayo fedha inazo. Yupo ambaye benki yake imefungwa na Benki Kuu. Yupo mwanachama wa SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ambaye akiba yake imeshikwa na mkopo wa mtu mwingine. Na yupo aliyepeleka fedha mahali ambapo tangu mwanzo hapakuwa na ruhusa ya kupokea amana. Kila mmoja wao ana mahali pake pa kudai, na nimeshuhudia watu wazima, wenye haki iliyo wazi, wakimaliza miaka mitatu au minne wakibisha mlango ambao haukuwa wao.

Mkanganyiko huanzia katika neno lenyewe. Sisi tunaotumia Kiswahili tumerithi neno amana likiwa na maana nzito: kitu ambacho mtu amekukabidhi ukitunze, ambacho huruhusiwi kukitumia, na ambacho utakirudisha kilekile alichokupa. Mtu akikuachia mkufu wake akaenda safari, mkufu huo haugeuki kuwa wako hata kwa saa moja. Mteja anapoweka “amana” benki, moyoni mwake anafanya jambo hilohilo, na ndiyo maana asipolipwa hulitaja tendo hilo kuwa ni khiyana.

Sheria ya benki haioni hivyo. Tangu uamuzi wa majaji wa Baraza la Mabwana la Uingereza katika kesi ya Foley dhidi ya Hill mwaka 1848, ambao msingi wake ulifuata sheria ya Kiingereza hadi Kenya, Uganda na Tanganyika, fedha unayoiweka benki inakuwa mali ya benki tangu inapopokewa. Benki inaweza kuikopesha, kuinunulia hati fungani za serikali au kuifanyia biashara yoyote halali bila kukuuliza. Ulichobaki nacho wewe ni haki ya kulipwa kiasi kile pamoja na riba mliyokubaliana. Kwa maneno mengine, umeikopesha benki, na hati unayoitunza kabatini ni hati ya deni.

Hilo laweza kusikika kama ubishi wa mawakili juu ya maneno, lakini karibu kila jibu katika jambo hili linatoka hapo. Kwa kuwa ni deni, mwenye amana hawezi kusema kwamba noti zake zipo mahali fulani na zitolewe. Anachodai ni malipo. Kwa kuwa ni deni, benki ikifilisika yeye huingia katika kundi la wadai, tofauti na mwenye mkufu ambaye angechukua mkufu wake na kuondoka. Na kwa kuwa ni deni, lina saa inayohesabika: nchini Kenya na Tanzania, madai yanayotokana na mkataba hufikia ukomo baada ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa.

Saa hiyo huanza lini? Kwa akaunti ya kawaida, mahakama za Kiingereza zilikwisha kuamua mwaka 1921 kwamba deni la benki haliwi tayari kudaiwa mpaka mteja aombe kulipwa. Amana ya muda maalumu ina tarehe yake imeandikwa juu ya hati, kwa hiyo ni salama zaidi kuhesabu tangu tarehe hiyo. Ninasisitiza hapa kwa sababu njia ya kawaida ya kumchosha mdai ni ile ya kumwambia arudi wiki ijayo, kisha mwisho wa mwezi, kisha meneja akirudi likizo. Maneno hayo ya mdomo hayasimamishi saa. Lakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi, sheria huhesabu muda upya kuanzia siku ya kukiri. Barua fupi ya meneja inayosema “tunathibitisha kwamba malipo yako yanashughulikiwa” ina thamani kubwa kuliko ziara 20 za tawini, na mwenye amana ana kila sababu ya kuiomba.

Sasa turudi kwa benki iliyo hai, yenye fedha, na isiyolipa. Migogoro mingi hapa haitokani na wizi. Hutokana na upande wa nyuma wa hati, ambao mteja hakuusoma na ofisa hakumsomea. Hati ya shangazi ilikuwa karatasi moja ngumu yenye kingo za kijani. Mbele iliandikwa jina lake, kiasi, riba, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuiva. Nyuma kulikuwa na masharti 14 kwa herufi ndogo, na sharti la sita lilisema kwamba amana itaendelezwa kwa kipindi kilekile, kwa riba itakayokuwapo siku hiyo, isipokuwa mteja awe ametoa maagizo mengine kwa maandishi kabla ya kuiva. Hilo lilitosha kumfunga, kama kusingekuwa na karatasi nyingine.

Karatasi nyingine ilikuwapo. Mtu anapofungua amana hujaza fomu ya maombi, na katika fomu hiyo huwa pana visanduku vya kuchagua: fedha na riba viendelezwe pamoja, fedha peke yake iendelezwe na riba ilipwe, au vyote vilipwe katika akaunti ya akiba siku ya kuiva. Shangazi alikuwa ametia alama katika kisanduku cha tatu. Nakala yake tuliikuta ndani ya bahasha ya kaki pamoja na risiti za kodi ya kiwanja; nakala ya benki haikuonekana kwa siku kadhaa. Mkataba wa amana ni fomu na hati zikisomwa pamoja, na agizo alilotoa mteja kwa maandishi siku ya kwanza ni agizo lililotolewa “kabla ya kuiva”.

Mizozo mingine ya benki hai hufanana na huo. Kuna hesabu ya kodi: nchini Kenya riba ya amana ya mkazi hukatwa asilimia 15 kabla ya kumfikia mteja, kwa hiyo shilingi 600,000 kwa asilimia 9 huzaa 54,000, kodi ikala 8,100, na mteja akapokea 645,900, ilhali yeye alikuwa akitarajia 654,000. Tofauti hiyo ni halali, na si haki kumshambulia karani kwa sababu yake. Kuna kuvunja amana kabla ya wakati, ambako hupoteza riba yote au sehemu yake kulingana na mkataba. Kuna amana iliyowekwa rehani: mzazi alitia sahihi miaka miwili iliyopita ili kijana wake akopeshwe, mkopo ukasuasua, na sasa benki inashikilia fedha ya mzazi. Hapo swali la kuuliza ni moja tu, yaani iko wapi karatasi niliyotia sahihi, kwa sababu benki haiwezi kulipa deni la mtu mmoja kwa fedha ya mwingine bila idhini ya maandishi.

Mzozo unaoumiza zaidi ni ule wa mteja aliyemkabidhi fedha ofisa wa benki, akapewa hati inayofanana na hati halisi, na siku ya kuiva akaambiwa kwamba nambari yake haimo katika mfumo. Benki hukimbilia kusema kwamba yule alikuwa mhalifu aliyetenda kwa nafsi yake. Sheria ya ajira na uwakilishi haimwachilii mwajiri kirahisi hivyo: kama ofisa alikuwa katika nafasi ambayo benki yenyewe ilimweka kupokea fedha za wateja, na mteja alikuwa na sababu njema ya kuamini kwamba anashughulika na benki, mwajiri anaweza kuwajibika kwa alichokitenda mtumishi wake. Mambo yatakayopimwa ni madogo na ya kawaida. Fedha ilitolewa ndani ya tawi au katika mkahawa? Ilipita dirishani au ilitumwa kwa simu ya ofisa? Riba iliyoahidiwa ilikuwa ya soko, au ilikuwa kubwa kiasi ambacho mtu wa kawaida angeshtuka?

Juu ya ushahidi, sheria za Kenya na Tanzania zinakubaliana kwamba anayedai jambo ndiye anayelithibitisha. Wengi hulisoma hilo kama kikwazo kwa mteja, lakini lina upande wa pili. Mteja akionyesha hati na rekodi ya kuingia kwa fedha, amethibitisha deni. Benki ikisema “tulikwisha kumlipa”, hilo ni dai jipya, na mzigo wa kulithibitisha unahamia kwake: ilete hati ya malipo, sahihi na nambari ya akaunti iliyopokea.

Njia ya madai kwa benki hai ni ngazi ambayo haifai kurukwa. Kwanza ni barua ya madai kwa benki yenyewe, ikitaja nambari ya hati, kiasi, tarehe ya kuiva na siku ambazo mteja anatoa ili alipwe, nakala ikapigwa muhuri wa kupokewa. Barua pepe yafaa, lakini muhuri hauna mshindani. Isipojibiwa, malalamiko hupelekwa Benki Kuu: Kenya ina mwongozo wa kumlinda mteja wa benki tangu 2013, na Benki Kuu ya Tanzania ina kanuni za kumlinda mlaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Ieleweke hata hivyo kwamba Benki Kuu si mahakama. Nguvu yake ni ya msimamizi: inaweza kuiuliza benki maswali ambayo benki haiwezi kuyapuuza, na mara nyingi hilo linatosha. Pakiwa na ubishi wa kweli juu ya ukweli wa mambo, kwa mfano sahihi inayokanushwa, anayeweza kuamua ni hakimu. Kwa Mkenya anayedai kiasi kisichozidi shilingi milioni 1 ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na ambako mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Nimeona wauzaji wa soko wakijieleza humo vizuri kuliko mawakili wa upande wa pili.

Na riba ya siku ambazo fedha imecheleweshwa? Hapa watu wengi hujinyima. Mikataba mingi husema kwamba baada ya kuiva amana hubaki bila riba, au kwa riba ndogo ya akaunti ya akiba, kama mteja hajaja kuichukua. Sharti hilo ni la haki kwa mteja aliyelala. Si la haki kwa aliyekuja, akadai, akakataliwa. Mahakama za Kenya zina hiari kisheria ya kuamuru riba kwa kipindi cha kabla na baada ya kesi kufunguliwa. Tanzania, riba ya hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka, na yaweza kufika 12 kwa makubaliano. Tarehe ya barua ya madai ndiyo inayotenganisha siku za kulala na siku za kunyimwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoridhika na ziara za mdomo.

Kwa SACCO mambo hubadilika, na hapa ndipo milango isiyo sahihi hubishwa zaidi. Mwanachama ana vitu viwili ambavyo yeye huviita kwa jina moja la akiba. Hisa ni sehemu yake ya umiliki. Kenya hazirudishwi, huuzwa au kuhamishiwa mwanachama mwingine. Akiba ni deni la chama kwake, lakini kwa kawaida haitolewi akiwa angali mwanachama, na anapojitoa hutakiwa kutoa notisi, ambayo kwa kawaida ni siku 60. Kwa hiyo “kuiva” kwa akiba ya SACCO hakutokani na tarehe iliyochapishwa juu ya hati. Huanzia kwenye barua ya kujitoa. Asiyeandika barua hiyo, hata akilalamika kwenye mkutano mkuu miaka mitatu mfululizo, bado hajaanza kudai.

Halafu kuna udhamini, ambao ndio msingi wa urafiki na ugomvi katika vyama hivi. Mwalimu anayestaafu amedhamini wenzake watano. Siku anapoomba akiba yake huambiwa kwamba sehemu yake imeshikwa mpaka mikopo ile ilipwe au apatikane mdhamini mwingine. Anaona ni dhuluma, kwa sababu yeye binafsi hadaiwi hata senti. Chama kiko ndani ya haki yake kushikilia kiasi alichodhamini. Hakiko ndani ya haki yake kushikilia zaidi ya hicho, wala kukataa mdhamini mbadala anayetosha bila sababu. Kwa hiyo mstaafu asianze kwa kudai akiba yote. Aombe kwa maandishi orodha ya mikopo aliyoidhamini, salio la kila mmoja na kiasi kinachomhusu, kisha adai kilichobaki mara moja. Mara nyingi kilichobaki huwa ni zaidi ya nusu, na hakuna aliyemwambia.

Mgogoro kati ya mwanachama na chama chake nchini Kenya hupelekwa mbele ya jopo la ushirika lililoundwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, na kesi zilizofunguliwa katika mahakama za kawaida zimekuwa zikiondolewa kwa sababu hiyo tu, mwenye haki akaambiwa aanze upya huku saa ya miaka ikiendelea kuhesabu. SASRA, mamlaka ya Kenya ya usimamizi wa vyama hivi, husimamia SACCO zinazotoa huduma za kibenki, na pia zile zisizotoa huduma hizo ambazo akiba yake inazidi shilingi milioni 100. Zilizo ndogo zaidi ziko chini ya Kamishna wa Ushirika. Tanzania usimamizi wa SACCOS uko kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. India ilichagua njia tofauti: Desemba 2003 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba mwanachama anaweza kukishtaki chama chake cha ushirika mbele ya mabaraza ya kutetea walaji, hata kama sheria ya ushirika ya jimbo ina njia yake ya kusuluhisha. Binafsi naona uamuzi huo ni wa haki kuliko utaratibu wetu, kwa sababu humhesabu mweka akiba kwanza kuwa mtu aliyenunua huduma, na haumwadhibu kwa kutojua tofauti ya vyombo.

Kuna pengo jingine linalopaswa kusemwa wazi. Sheria ya SACCO ya Kenya ya mwaka 2008 ilitaja mfuko wa kudhamini akiba za wanachama, na miaka mingi baadaye mfuko huo ulikuwa haujaanza kufanya kazi. Uzito wake ulionekana ukaguzi ulipofichua upotevu wa takriban shilingi bilioni 13.3 katika KUSCCO, muungano ambao SACCO zenyewe zilikuwa zikiuwekea fedha. Siku hiyo vyama ambavyo wanachama wao huvidai vilijikuta navyo ni wenye amana wasiolipwa, na hasara ikashuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye vitabu vya mwalimu na muuguzi.

Hali ya benki kufungwa ni nyingine kabisa, na mfano ninaourudia ni wa Imperial Bank ya Kenya. Mkurugenzi mkuu wake alifariki Septemba 2015. Wiki chache baadaye wakurugenzi wakaieleza Benki Kuu juu ya ulaghai mkubwa uliokuwa umefichwa, na tarehe 13 Oktoba 2015 benki ikawekwa chini ya mrasimu, yaani mtu anayeteuliwa kuishika na kuisimamia. Amana zilizoiva siku hiyo na zile ambazo zingeiva mwaka uliofuata zikawa sawa: hakuna iliyotoka. Desemba mwaka huo, kwa mpango maalumu, kila mwenye amana aliruhusiwa kupata hadi shilingi milioni 1, na mwaka 2016 likafuata fungu jingine. Kwa wenye kiasi kidogo jambo liliishia hapo. Kwa waliouza kiwanja au kupokea mafao wakaweka milioni 5 au 10, safari ilikuwa ndiyo kwanza inaanza: benki ya KCB ilichukua sehemu ya mali na madeni mwaka 2020, na Desemba 2021 iliyobaki ikatangazwa kufilisiwa. Hiyo ni miaka 6 na ushei tangu siku ya kufungwa.

Chase Bank, iliyofungwa Aprili 2016, ilipata njia nyingine. Agosti 2018 asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimezuiwa zilihamia benki ya SBM, na asilimia 25 zikabaki nyuma katika benki ambayo baadaye ilifilisiwa. Sehemu ya fedha zilizohamia iligeuzwa kuwa amana mpya za muda maalumu, za kulipwa kwa awamu katika miaka iliyofuata. Nadhani watu wengi hawakulifikiria vya kutosha jambo hilo: mtu aliyekuwa na hati iliyoiva alipewa hati nyingine ya kungoja. Kwa hesabu ya mfilisi ilikuwa nafuu, na huenda hakukuwa na njia bora. Kwa mtu aliyekuwa akingojea kulipa hospitali, nafuu hiyo ilichelewa.

Katika hali hii barua ya madai na Mahakama ya Madai Madogo havisaidii. Benki ikiwa chini ya mrasimu au mfilisi, sheria ya Kenya hairuhusu kesi kufunguliwa au kuendelezwa dhidi yake bila idhini ya mahakama, na sababu yake ina mantiki: kama kila mmoja angekimbilia hukumu yake, wenye mawakili wepesi wangemaliza mali iliyobaki kabla ya mwenye duka la rejareja kusikia habari. Anachotakiwa kufanya mwenye amana ni kusajili dai lake kwa mfilisi, katika muda uliotangazwa, akiwa na hati na kitambulisho. Kisha hulipwa kwanza fedha ya bima: Kenya ni hadi shilingi 500,000 tangu Julai 2020, kutoka 100,000 za awali, Tanzania, Bodi ya Bima ya Amana hulipa hadi shilingi milioni 7.5 za nchi hiyo, baada ya kiwango hicho kupandishwa kutoka milioni 1.5. Benki tano za Tanzania zilipofungwa kwa pamoja Januari 2018, zikiwamo Meru Community Bank na Njombe Community Bank, kiwango kilichokuwapo kilikuwa kile cha zamani.

Kiwango hicho ni cha mtu mmoja katika benki moja, akaunti zake zote zikijumlishwa. Mtu mwenye hati tano za 500,000 katika benki moja hana kinga mara tano, ingawa nimewasikia wazee wakigawa fedha zao hivyo kwa ushauri wa ofisa mwenyewe. Kinachozidi kiwango husubiri mali ya benki iuzwe na madeni yake yakusanywe, na kusubiri huko hupimwa kwa miaka. Trust Bank ilianguka 1998 na Euro Bank 2003, na zote mbili zilikaa mikononi mwa mfilisi zaidi ya muongo mmoja.

Kundi la mwisho ni la walioweka fedha nje ya mfumo wa amana. Hapa namaanisha wapandaji wa mbegu wa DECI, mchezo wa upatu wa Tanzania ulioita michango “mbegu” na malipo “mavuno”, ambao mwaka 2009 walikuta mavuno yamezuiwa, na pia wawekezaji wa hati za kampuni zenye ofisi nzuri na matangazo ya kisasa. Mfuko wa Cytonn High Yield Solutions wa Nairobi uliahidi riba ya kufikia asilimia 18. Mwaka 2021 ulishindwa kulipa uwekezaji ulioiva, ukawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2023 Mahakama Kuu ikaamuru ufilisiwe, maelfu ya watu wakidai zaidi ya shilingi bilioni 10. Wengi wao walikuwa wakisema “amana yangu”. Ulikuwa uwekezaji wa faragha, nje ya bima ya amana na nje ya usimamizi wa Benki Kuu, na hata mdhibiti wa masoko ya mitaji hakuwa ameuidhinisha kama mfuko wa umma. Katika kundi hili swali la kwanza si kwamba mkataba unasema nini. Ni kwamba nani alimpa mpokeaji ruhusa ya kupokea, na jibu linapatikana katika orodha ya taasisi zenye leseni ambayo benki kuu hutangaza hadharani. Ruhusa isipokuwapo, madai ya fedha huenda sambamba na taarifa ya jinai, na kuwahi kuna faida, maana polisi na waendesha mashtaka wanaweza kuomba akaunti zizuiwe kabla hazijakauka.

Yapo pia madai ambayo hayana mgomvi, na haya hufa kimya. Mwenye amana hufariki, hati iko kwenye sanduku, watoto hawajui. Nchini Kenya amana iliyoiva ikikaa miaka 5 bila mwenyewe kuigusa huhesabiwa kuwa imeachwa, na benki hutakiwa kuikabidhi kwa mamlaka ya mali za fedha zisizodaiwa. Haijapotea, warithi wenye hati za mirathi wanaweza kuidai huko. Lakini wakienda benki peke yake wataambiwa haipo, na benki itakuwa inasema kweli.

Shangazi hakufika mbali hivyo. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukaambatisha nakala ya fomu yenye alama katika kisanduku cha tatu, na akaipeleka mwenyewe ili apigiwe muhuri mbele ya macho yake. Siku ya 19 baada ya barua, shilingi 645,900 ziliingia katika akaunti yake ya akiba, bila maelezo. Alifurahi, akalipa mabati, kisha akaniuliza juu ya zile siku 19. Tukahesabu kwa riba ileile ya asilimia 9: shilingi 3,026. Nilimwambia kwamba kiasi hicho hakilipi hata usumbufu wa kwenda mjini. Akanijibu kwamba wao wangekuwa wanamdai yeye siku 19 za mkopo wasingesema hivyo, akachukua karatasi nyingine na kuniambia niandike.